Kiti cha Bi Wima

Mama mdogo wangu si mtu wa kukaa. Sisemi hana pa kukaa. Duka langu la ushonaji lina benchi la wateja na viti vya mafundi, na chumbani kwake, uani nyuma ya duka, nilimwekea kiti kizuri chenye mikono na mto. Kile kiti amekifanya kabati. Nguo za kupiga pasi zinakaa juu yake, yeye anasimama pembeni. Chai anakunywa amesimama. Chakula anakula ameegemea mlango, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hata akija dukani kunipa umbea ananipa wima, akimaliza anaondoka, mimi naachwa na shingo inayouma kwa kumtazama juu. Majirani wamempa jina la Bi Wima, na analiitikia.

Wateja huniuliza kama ana maradhi ya mgongo. Huwa nawajibu ndiyo, kwa sababu nikianza kueleza habari za ile nyumba hakuna gauni litakaloisha siku hiyo. Leo sina gauni la haraka, kwa hiyo nitaeleza.

Ile nyumba kila mtu hapa mjini anaijua. Ni ile kubwa yenye kuta nyeupe na ngazi mbili za mawe zinazopanda kutoka bustanini, moja kushoto na moja kulia, mpaka zinakutana kwenye mlango wa mbele. Siku za kazi ni makumbusho: watoto wa shule wanapelekwa kuona saa za ukutani, vyombo vya fedha na kitanda chenye nguzo. Mwisho wa juma inakodishwa kwa sherehe, na maharusi wanapanga foleni kupigwa picha kwenye ngazi. Zamani ilikuwa nyumba ya mtu. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mjane, watumishi walimwita Bi Mkubwa, na bibi yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa mpishi wake. Mama yangu aliolewa mapema, akaponea chupuchupu. Mdogo wake hakupona. Alizaliwa kwenye vyumba vya uani vya nyumba ile, akaanza kubeba sinia alipolingana urefu na meza, na hakulitua mpaka Bi Mkubwa alipofariki na warithi wakaja na makufuli yao.

Kazi yake ilikuwa kuhudumu mezani, na kazi hiyo iliendeshwa na kengele. Chini ya ukingo wa meza ya chumba cha kulia kulikuwa na kitufe kidogo, mkono wa kulia wa kiti cha Bi Mkubwa, mahali ambapo mgeni hawezi kukiona. Kikibonyezwa, kengele inalia kwenye ujia wa jikoni, na ndani ya kisanduku cha kioo kilichopachikwa ukutani kibao chekundu kinaanguka kuonyesha ni chumba gani kinaita. Hapo unaacha chochote ulichoshika. Kabla kengele haijarudia, uwe umeshasimama kushoto kwa kiti, mikono imekunjwa juu ya aproni, kichwa chini, unasema, "Abee, Bi Mkubwa." Kule jikoni hakukuwa na kiti hata kimoja. Bi Mkubwa aliamini kwamba mtumishi akikaa, masikio yake nayo yanakaa. Kwa hiyo walikula wamesimama, walimenya viazi wamesimama, na bibi yangu alizikwa na miguu iliyovimba hata viatu vikakataa kuingia.

Vyumba vya mbele mama mdogo alivijua kwa kitambaa cha vumbi. Viti vile alivipangusa, akavipaka nta, akavivuta wageni wakae na akavirudisha walipoondoka. Kuvikalia, haikuwahi kutokea.

Humo humo uani akamzaa binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye kwangu mimi ni mdogo wangu. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori. Aliaga anapeleka saruji, na mpaka leo saruji hiyo haijafika.

Mdogo wangu alikulia chini ya meza ya pasi, akifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kusema. Siku moja, angali mdogo, alichomoka, akapita ule mlango mdogo wa watumishi, akakuta chumba cha kulia kitupu, akapanda juu ya kiti cha Bi Mkubwa na kukaa. Alikaa tu, miguu inaning'inia. Mama yake alimkuta hapo wakati nyayo za Bi Mkubwa zinasikika zikishuka. Akamnasa kofi lililomwangusha chini, akamburura hadi jikoni huku amemziba mdomo. Alimpiga yeye ili asije akapigwa na mwingine, na wote wawili wasije wakafukuzwa. Aliyenisimulia habari hii ni mama mdogo, amesimama hapo mlangoni pangu, na aliposema neno kofi aliutazama mkono wake.

Mtoto hakulia. Alisoma. Alisoma kwa hasira, kama watu wengine wanavyopigana, mpaka akapata kazi kwenye ofisi ya bima, na nyumba ya ghorofani, na viatu vinavyolia ko ko ko kwenye sakafu. Alikuja kutusalimia mara chache na manukato yake yalibaki dukani baada yake. Mimi nilimtania, nikamwambia, "Dada wa bima, utukatie bima ya kukukumbuka." Alicheka, lakini alichekea puani.

Kisha akachumbiwa na mhandisi mmoja, kijana wa watu, mpole. Akaja dukani jioni moja kutueleza. Mama mdogo alikuwa anapiga pasi.

"Harusi itakuwa kule," mdogo wangu alisema.

"Kule wapi?"

"Kule kule, mama. Karamu ya mchana, chumba cha kulia, meza ile ile. Nimeshaweka nafasi. Mimi nitakaa kwenye kile kiti." Akamtazama mama yake usoni. "Na wewe utakaa pembeni yangu. Utakaa, na watu watakuletea chakula."

Mama mdogo aliisimamisha pasi. "Nitakaa?"

"Utakaa mpaka uchoke."

Nilimwona anageuka ukutani. Nilidhani analia, kumbe anacheka peke yake, mabega yanatikisika. Kesho yake asubuhi alikuja nimpime. "Nishonee gauni la kukalia," akaniambia. Mtu asiye fundi hawezi kujua, lakini kuna gauni la kusimamia na kuna gauni la kukalia. La kusimamia unalibana nyonga likae vizuri kwenye picha, mwenyewe akikaa linapanda na mshono unalalamika. La kukalia unaliachia nafasi nyuma na kiunoni, na mwenyewe akisimama linakuwa na ulegevu kidogo. Nilimwambia litamfanya aonekane mnene akisimama. "Sitasimama," alisema.

Hilo ndilo alilolitaka katika maisha yake, na ninaliandika wazi ili asije mtu akasema alikuwa na makuu. Hakutaka nyumba wala shukrani. Alitaka kukaa kwenye kiti kimoja, katika chumba kile, ale chakula mpaka kiishe.

Tatizo likaja na wakwe. Mama wa bwana harusi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na wote, hata mume wake, wanamwita Mwalimu Mkuu. Si mtu mbaya. Ni mtu wa sauti kubwa, wa kukumbatia, aliyezoea kwamba akicheka yeye darasa zima linacheka. Mdogo wangu alikuwa amemwambia, "Mama yangu amekulia ile nyumba." Akaishia hapo. Mwalimu Mkuu akajijazia mengine, akaona mkwe wake ni mtoto wa ukoo wa Bi Mkubwa uliofilisika kwa heshima.

"Si nimesema kweli?" mdogo wangu aliniuliza nilipomkaba.

"Umesema nusu. Nusu nyingine iko nyuma, inapiga pasi."

"Dada, wewe hujui ofisi, hujui watu. Wakijua wataniangalia vingine."

"Na mama yako ataangaliwaje?"

Alikwenda kwa mama yake na kumwambia taratibu, akimshika mikono, "Mama, ukiulizwa sema umekulia pale. Basi. Usiongeze."

"Nimekulia pale kweli," mama mdogo akasema. "Niongeze nini sasa?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikajikaza, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kabla ya harusi familia zote mbili zilialikwa kuiona nyumba, wapambaji wapate kupima na wakwe wapate kufahamiana. Tulikutana bustanini. Mama mdogo alipoona zile ngazi za mawe, miguu yake ikakata kona yenyewe kuelekea kwenye kijia cha pembeni, kile kinachokwenda mlango wa jikoni. Nilimdaka kiwiko. Tukapanda ngazi za mbele, yeye akipita ukingoni kabisa, asikanyage katikati.

Dada wa makumbusho, mwenye sare na shada la funguo, alitupitisha chumba kwa chumba. Chumba cha kulala, saa, picha ya Bi Mkubwa kwenye fremu ya dhahabu, uso wake umekunjamana vile vile. Mama mdogo aliitazama ile picha akateremsha macho. Chumba cha kulia kilikuwa hakijabadilika. Viti vilipitishiwa utepe mwekundu ili mtu asikae, kwa sababu siku za kazi ni vitu vya makumbusho. Vinafunguliwa siku ya sherehe tu.

"Mkwe," Mwalimu Mkuu akauliza, "wewe ulikuwa upande gani wa meza hii?"

"Kushoto kwa Bi Mkubwa," mama mdogo akajibu.

"Karibu kabisa naye! Mmesikia?" Akatugeukia sote. Mdogo wangu alijitia hamnazo, anachungulia mapazia.

Dada wa makumbusho akaendelea na somo lake. Akainama, akaonyesha kitufe chini ya ukingo wa meza. Alisema waya umetengenezwa upya, kengele inafanya kazi kama zamani, na wageni wanaruhusiwa kujaribu. Mwalimu Mkuu hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipandisha miwani, akapapasa, akabonyeza.

Mama mdogo alikuwa mwisho wa chumba, dirishani, anaangalia bustani. Kengele ilipolia kule ndani, sikuona akigeuka. Niliona ameshafika. Alivuka sakafu yote ile bila kusikika, akasimama kushoto kwa kiti, mikono imekunjwa tumboni, kichwa chini.

"Abee, Bi Mkubwa."

Mdogo wangu alikuwa ameshika pazia na uso wake umepauka. Nikasema moyoni, sasa. Sasa itabidi useme, na ukisema tutakusaidia.

Mwalimu Mkuu akaangua kicheko.

"Jamani! Mmemwona? Mmeona alivyoinamisha kichwa? Mkwe, kumbe ni mwigizaji! Huo ndio mchezo wenu watoto wa nyumba kubwa, mnawaigiza watumishi!" Alimshika bega, anamtikisa kwa upendo. "Nakwambia umempatia. Ni kama namwona mtumishi mwenyewe."

Mama mdogo aliinua kichwa, akamtazama binti yake. Binti yake akacheka. Nilikisikia kicheko kile kikianza vibaya kisha kikanyooka.

"Mama ana vituko," akasema. "Mtamzoea."

"Fanya tena, mkwe," Mwalimu Mkuu akasema, anatafuta simu kwenye mkoba. "Fanya tena nikurekodi, baba watoto aone."

Mama mdogo hakusogea. Alimtazama tena binti yake, na mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, hata mtu mwingine asingeona. Basi mama mdogo akarudi dirishani. Kengele ikalia. Akaja, akakunja mikono, "Abee, Bi Mkubwa." Ikabidi arudie tena, kwa sababu kidole cha Mwalimu Mkuu kilikuwa kimeziba kamera.

Mimi nilifungua mdomo. Mama mdogo alinifinya mkono pale penye nyama, kwa kucha, nikaufunga.

Njiani alitembea mbele yangu. Tulipofika nyumbani akawasha pasi kabla hata hajavua kitambaa cha kichwa. "Mazoea yana taabu, mwanangu," akasema. "Miguu haikuniuliza."

"Mara ya kwanza miguu. Na mara ya pili?"

"Mara ya pili mtoto." Akapuliza kidole alichokigusisha kwenye pasi. "Lakini si wamecheka tu? Ndoa haikuharibika. Siku ya harusi nitakaa."

Ile picha ya kwenye simu ilizunguka ukoo mzima wa wakwe. Mdogo wangu alinipigia simu, sauti imejaa furaha. "Dada, wanampenda mama, huwezi kuamini. Kila mtu anamuulizia."

"Wanampenda nani?" nikamuuliza. Akakata.

Simlaumu kwa kila kitu. Mtu aliyepigwa kofi kwa kukalia kiti ana haki ya kukitafuta. Namlaumu kwa yaliyotokea siku yenyewe.

Siku yenyewe nyumba ilipendeza, ukweli lazima usemwe. Utepe ulikuwa umeondolewa. Meza ndefu imetandikwa nguo nyeupe, na mdogo wangu katika kiti cha Bi Mkubwa, mzuri hata nikasahau kununa. Bwana harusi kulia kwake. Kushoto, kiti cha kwanza, kiliandaliwa kwa ajili ya mama. Mwalimu Mkuu na mumewe wakatazamana naye upande wa pili. Mimi niliwekwa meza ya pembeni, karibu vya kutosha kusikia.

Mama mdogo alisimama nyuma ya kiti chake muda mrefu. Watu wote walishakaa, mhudumu amekivuta na anangoja. Nikamkonyeza. Akakaa ukingoni, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Halafu akasogea nyuma kidogo. Halafu mgongo wake ukaugusa mgongo wa kiti, nikaona mabega yanashuka. Gauni lilikaa sawasawa, halikupanda, halikujikunja popote. Aligeuka akanitafuta kwa macho, na midomo yake ikasema bila sauti, "Nimekaa."

Mhudumu alipokuja na sahani, mikono ya mama mdogo iliinuka kumpokea. Aliiwahi, akaikalia. Ndiyo, alikalia mikono yake mwenyewe mpaka sahani ikatua. Kisha akaanza kula. Wali na kuku, chakula cha kawaida tu, lakini alikitafuna taratibu, akaweka kijiko chini katikati, akanywa maji, akakishika tena. Sikuwahi kumwona akiweka kijiko chini katikati ya chakula. Nilijifuta macho kwa kitambaa cha meza, na anayetaka kunicheka anicheke.

Hakuwa amefika nusu ya sahani wakati mshereheshaji aliposhika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, nimeambiwa mama wa bibi harusi ana kipaji!"

Upande wa wakwe ukapiga makofi. Wengine walishatoa simu. Mshereheshaji akaja hadi kiti cha bibi harusi, akainama kwa madaha, akapenyeza mkono chini ya meza. Kengele ikalia kule ndani.

Mama mdogo alishika kiti kwa mikono miwili. Niliona mishipa ya mikono. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuondoka, visigino vimeinuka, na yeye akaivuta, akaikanyaga sakafuni. Kengele ikalia tena.

"Nimekaa," akasema. Hakusema kwa sauti, lakini nilimsikia.

"Mtumishi wetu leo amekuwa kiziwi!" mshereheshaji akapaza. Ukumbi ukacheka.

"Mkwe, usitunyime!" Mwalimu Mkuu alisema, viganja tayari kupiga makofi.

Mdogo wangu akamwinamia mama yake. Tabasamu la picha lilikuwa bado usoni. "Mama, mara moja tu. Wanangoja."

"Uliniambia nitakaa."

"Utakaa, mama. Ukimaliza utakaa."

Maneno hayo mama mdogo aliyasikia kwa Bi Mkubwa utotoni, aliyasikia akiwa na mimba, aliyasikia siku aliyomzika mama yake na jioni yake kulikuwa na wageni. Ukimaliza utakaa. Sidhani mdogo wangu alijua anayatoa wapi. Mama yake alijua. Nilimwona akimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta jina la uso anaoufahamu.

Akainuka. Watu wakashangilia. Alikisukuma kiti chake mpaka kikaingia chini ya meza, akapitisha kiganja juu ya mgongo wa kiti kufuta alama. Alizunguka, akasimama kushoto kwa kiti cha binti yake. Akakunja mikono. Akainamisha kichwa.

"Abee, Bi Mkubwa."

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu Mkuu alicheka hata akavua miwani kufuta machozi. Bwana harusi alicheka, maskini, hajui. Simu zote juu. Katika chumba kile tulikuwa watatu tu ambao hatukucheka, na mmoja wetu alikuwa amevaa shela.

"Bi Mkubwa anahitaji nini?" mama mdogo akauliza.

Alingoja, jinsi mtumishi anavyongoja, bila kuonyesha kwamba anangoja. Alipoona hakuna agizo, akachukua sahani ya bibi harusi, akachukua na ya bwana harusi, akazipanga juu ya mkono kama zamani, akapita ule mlango mdogo nyuma ya pazia. Walimsindikiza kwa makofi mpaka mlango ukajifunga. Mshereheshaji akasema kipaji hicho hakifundishwi shuleni, akaomba muziki.

Walidhani atarudi. Muziki ukapigwa, hotuba zikaanza. Baada ya muda shangazi mmoja wa upande wa pili, asiye na pa kuweka mkoba, akakivuta kile kiti na kuuweka mkoba wake.

Ndipo nikainuka.

Jiko la zamani siku hizi linatumiwa na wapishi wa kukodi, na jiko la kuni la bibi yangu limezungushiwa kamba, lina kibao cha maelezo. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye kizingiti kati ya jiko na ujia. Alikuwa anakula. Sahani iliyokuwa mkononi mwake ni ile aliyoitoa mbele ya binti yake, na alikuwa anamalizia mabaki, maana humo ndimo watumishi walimopata chakula chao siku za wageni. Gauni langu la kukalia lilimning'inia kiunoni kama la mtu mwingine.

Mpishi mmoja alimvutia kiti cha plastiki. "Mama, kaa basi, unakulaje umesimama na nguo nzuri hivyo?"

"Asante, mwanangu," akamjibu. "Nikikaa sitasikia."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mdogo wangu, lakini kwa huyu sikuwa na hata moja. Nikasimama naye. Tukasimama wote wawili, nyuma kwa mbali muziki umenyamaza.

Kengele ikalia. Ukiwa kwenye ujia inakupasua kichwa. Kumbe kule mezani tulisikia mabaki yake tu. Ndani ya kisanduku cha kioo kibao chekundu kikaanguka: chumba cha kulia. Mkono wa mama mdogo ulishuka kutafuta aproni ambayo haikuwepo. Ukabaki pale, juu ya gauni.

Ikalia tena. Safari hii ndefu. Kisha tena.

"Ni yeye huyo," nikasema. "Si mshereheshaji. Anakuita."

"Najua." Alitafuna, akameza. "Nenda kamwambie Bi Mkubwa kwamba mtumishi wake ameacha kazi."

Nilipita ule mlango mdogo. Mdogo wangu alikuwa ameketi wima kwenye kile kiti, mkono wa kulia chini ya meza, anabonyeza. Wanja ulikuwa umemwagika hadi mashavuni. Wageni walidhani mchezo unaendelea, na kila kengele ikilia walicheka zaidi. "Mtumishi ametoroka!" mshereheshaji alikuwa anasema. "Nani amemwona mtumishi?"

Nilimwinamia nikampa ujumbe kama nilivyotumwa, sikuongeza wala sikupunguza. Kidole chake hakikutoka kwenye kitufe. Aliutazama ule mkoba wa watu juu ya kiti cha mama yake.

"Amekula?" akaniuliza.

"Amekula," nikamwambia. "Amesimama."